Pombe haitoki kwa jasho, jamani

"Mkimbize tu, mwalimu, atoe jasho, sumu imtoke." Mimi ni mwalimu wa mazoezi kwa watu wanaoacha pombe, na nimeambiwa hivyo tena wiki hii, safari hii na kaka mtu aliyekwisha kumvika mdogo wake sweta mbili juani. Mdogo mwenyewe yuko siku ya pili tangu glasi ya mwisho, mikono inatetemeka hata kikombe hakishikiki. Nimechoka kulieleza kwa mdomo, sasa naliandika.

Pombe huondolewa na ini. Zaidi ya asilimia 90 ya ulichokunywa huvunjwavunjwa na vimeng'enya: inakuwa asetaldehidi, kisha asetati, mambo yameisha. Kidogo kinachobaki hutoka kwa pumzi, mkojo na jasho. Ini nalo lina mwendo wake, gramu 7 hadi 10 hivi kwa saa kwa mtu mzima wa kawaida, na halikuulizi kama umelala au unapanda mlima. Harufu ya jasho la mlevi ndiyo inayowadanganya watu. Pua haihitaji kingi ili ilalamike.

Lakini hilo ni kosa dogo. Linaloniudhi liko chini yake: ile dhana kwamba uraibu ni uchafu ulioganda mwilini, na ukishasafishwa mtu amepona. Hebu piga hesabu. Hata aliyelewa chakari, baada ya siku moja au mbili damu yake haina pombe. Kama sumu kutoka ndiyo kupona, walevi wangepona kila Jumatatu jioni. Arosto, yale mateso ya mwili uliozoea pombe ukiikosa, inaanza kwa sababu hiyohiyo kwamba pombe imetoka. Ubongo uliolemewa na pombe kwa miaka umejipanga upya ili usizimike: umelegeza breki zake na kukanyaga mafuta. Pombe ikiondoka ghafla, mguu bado uko kwenye mafuta na breki hazishiki. Ndiyo maana unaona mtetemo, presha kupanda, moyo kwenda mbio, na jasho. Ndiyo, jasho! Mgonjwa analitoa la kutosha bila msaada wa sweta yako.

Degedege la arosto huja zaidi kati ya saa 6 na saa 48 tangu kinywaji cha mwisho. Kuweweseka, kule kwa maruweruwe na homa, huja kati ya siku ya pili na ya nne. Hapo watu hufa. Mtu wa namna hiyo moyo wake unakimbia akiwa amekaa kitini, maji yamepungua, potasiamu na magnesiamu mara nyingi ziko chini. Anahitaji kitanda, uangalizi, thiamini (vitamini B1), na mara nyingi dayazepamu, dawa ya kutuliza, kwa maelekezo ya daktari. Mazoezi yake siku hizo ni kwenda chooni na kurudi.

Sasa niwageukie wenzangu walimu wa mazoezi, maana nao wana uongo wao mtamu kwamba mazoezi yanatibu ulevi. Mwaka 2017 Mats Hallgren na wenzake walikusanya tafiti zilizokuwapo kuhusu mazoezi na uraibu wa pombe. Stamina ilipanda, sonona ilipungua, lakini kiasi cha pombe kilichonywewa hakikupungua kwa namna ya kuonekana. Mwaka huohuo yakatoka matokeo ya jaribio la Denmark: wagonjwa wengine walikimbia kwa kundi, wengine peke yao, wengine walipata matibabu ya kawaida tu. Katika unywaji, makundi hayo hayakupishana. Na mimi ndiye ninayelipwa kuwafanyisha watu mazoezi.

Basi kwa nini naendelea kuwafanyisha mazoezi? Kwanza, usingizi na moyo mzito. Aliyeacha pombe anaweza kulala vibaya kwa miezi, na usiku mrefu ni hatari kwake kuliko marafiki wabaya. Pili, kiu ya pombe. Mwaka 2004 Michael Ussher na wenzake waliwapandisha kwenye baiskeli ya mazoezi watu waliokuwa wametoka tu kuondolewa pombe. Dakika 10 za mwendo wa wastani, na kiu ikashuka wakiwa wanakanyaga. Waliposhuka, tofauti haikuonekana tena. Wapo wanaosoma hapo kwamba zoezi halikufaa. Mimi nasoma kwamba dakika 10 zimepita bila kunywa, na kiu huwa haidumu siku nzima. Ndiyo maana sipangi mazoezi alfajiri kwa mtu ambaye saa yake ya baa ni saa kumi na mbili jioni. Alfajiri atakimbia vizuri sana, na jioni itamkuta kitini.

Shaka yangu kubwa ni hii: wanaodumu na mazoezi huenda ni walewale ambao wangeacha pombe hata bila mimi. Mwenye nguvu ya kutoka nje mara tatu kwa wiki ana kitu ambacho aliyebaki kitandani hana, na sijui kama hicho kitu nilimpa mimi.

Kuna pia mtego wa zawadi. Utafiti wa David Conroy na wenzake wa mwaka 2015 uliona kwamba siku watu wanapojishughulisha zaidi kimwili, ndizo wanazokunywa zaidi. Hao walikuwa watu wa kawaida, si wagonjwa wangu, lakini ile sauti ya "leo nimestahili" naijua. Mgonjwa akiniambia amejiunga na timu, swali langu la kwanza ni timu inakwenda wapi baada ya mechi.

Mengine kwa haraka. Moyo upimwe kwanza, kwa kuwa pombe hudhoofisha misuli yake. Nyayo zenye ganzi zisipelekwe kukimbia, zipelekwe kwenye baiskeli. Na wanaomeza naltreksoni, dawa ya kupunguza hamu ya pombe, huniuliza kama itawaondolea raha ya mazoezi, kwa kuwa inaziba njia ya endofini, kemikali za mwili zinazohusishwa na raha. Watafiti wa Hamburg waliwapa wakimbiaji dawa hiyo, matokeo yakatoka mwaka 2021: raha ya kukimbia ilibaki palepale. Kwa hiyo asiache mtu dawa eti kwa ajili ya mazoezi yangu.