Vitabu vya msanifu wa jiko na bafu: jua kila inchi inalinda nini

Vijana wanaotaka kuingia kwenye kazi ya kusanifu majiko na mabafu huku Marekani huniuliza kwanza wajifunze programu gani ya kuchorea. Programu si tatizo. Utaizoea, kisha utahamia kampuni yenye programu nyingine na utaanza upya. Cha kudumu ni vitabu, na kwenye fani hii vyenye uzito ni vya NKBA, chama cha wataalamu wa majiko na mabafu wa Amerika Kaskazini kilichoanzishwa mwaka 1963. Chama hichohicho ndicho kinachotoa vyeti: AKBD kwa anayeanza, CKBD kwa aliyekomaa, CMKBD kwa bingwa.

Mfululizo wao uliochapishwa na Wiley una majuzuu ya ujenzi wa nyumba, mifumo ya maji na umeme, vifaa, uchoraji, upangaji wa jiko, upangaji wa bafu, hata uendeshaji wa biashara. Bei yake si mchezo. Kama mfuko hauruhusu, anza na mawili, la jiko na la bafu, wala usione haya kununua yaliyotumika. Ila elewa kwamba katika toleo la zamani mapendekezo mengi bado yatakufaa, lakini sehemu ya sheria za ujenzi huenda imeshapitwa, maana IRC, kanuni zinazofuatwa katika majimbo mengi kwa nyumba za makazi, hutolewa upya kila baada ya miaka 3.

Moyo wa vitabu hivi ni miongozo: 31 ya jiko na 27 ya bafu. Wengi huikariri kama jedwali la kuzidisha, wanafaulu mtihani, halafu wanakwama kwenye nyumba ya kwanza ambayo kuta zake hazikubali. Kumbe kitabu chenyewe hakikuandikwa kwa ajili ya kukaririwa. Kwenye mwongozo mmoja utakuta pendekezo la chama, kisha matakwa ya sheria pale yalipo, kisha viwango vya ufikivu, yaani vya kumwezesha mtu mwenye ulemavu. Ukivichanganya vitatu hivi, utamwambia mteja kwamba jambo fulani haliwezekani kumbe linawezekana, au utamkubalia jambo ambalo mkaguzi atalikataa.

Chukua choo cha kukaa. Kutoka katikati ya choo hadi ukuta wa pembeni, sheria inataka angalau inchi 15. Chama kinapendekeza angalau inchi 18, karibu sentimita 46. Viwango vya ufikivu vinasema kati ya 16 na 18. Kwa haraka utadhani watu hawa hawaelewani. Lakini uliza kila namba inalinda nini. Kwenye 15 mtu anaenea, basi. Kwenye 18 mtu mwenye mwili mpana anakaa bila bega kugusa ukuta. Mtu anayehama kutoka kwenye kiti cha magurudumu anahitaji chuma cha kushikilia kilicho ukutani, na choo kikienda mbali zaidi ya 18 mkono wake haukifikii vizuri. Kwake yeye nafasi kubwa zaidi ni hasara. Ndiyo maana mimi, penye nafasi, huweka 18 kamili: hapo ndipo wote watatu wanapokutana.

Jikoni hali ni hiyohiyo. Njia ya kufanyia kazi kati ya kaunta na kaunta inapendekezwa iwe inchi 42 kwa mpishi mmoja na 48 kwa wapishi zaidi. Mteja wa Kimarekani anayeishi peke yake utamshawishi kwa 42 na ataridhika. Familia zetu za Afrika Mashariki ni habari nyingine. Siku ya hitima au Idi jikoni kuna mama, mashangazi na mabinti, mlango wa mashine ya kuosha vyombo uko wazi, na kuna mtu anataka kupita na sinia. Hapo 48 huilindi kwa maneno mengi, unamwomba tu mteja akumbuke sikukuu iliyopita.

Ile pembetatu maarufu, yaani mistari inayounganisha sinki, jiko la kupikia na friji, nayo ina historia yake. Ilitokana na utafiti wa miaka ya 1940 katika Chuo Kikuu cha Illinois, na miongozo bado inaitaja: jumla ya pande zote isizidi futi 26, na kila upande uwe kati ya futi 4 na 9. Ni kipimo kizuri, lakini kilizaliwa zama za mpishi mmoja asiyesaidiwa na mtu. Sikitupi, ila sikisujudii.

Ninaloshikilia zaidi ni nafasi za kutulia, yaani kaunta iliyo kando ya kifaa. Pembeni mwa jiko la kupikia miongozo inataka inchi 12 upande mmoja na 15 upande wa pili, ili ukiepua chombo cha moto uwe na pa kukitua mara moja. Inchi 15 ni sentimita 38. Sufuria ya pilau ya wageni huzidi kipimo hicho kwa urahisi. Kwa hiyo kabla sijachora humwomba mteja anitolee sufuria yake kubwa kuliko zote, naipima kwa futi kamba, na upana wake ndio unaoniamulia. Sababu ya mwongozo inabaki ileile, namba tu ndiyo inayopanda.

Kuna namba nyingine ambazo sizijadili na mtu. Juu ya jiko la kupikia, nafasi ya inchi 30 hadi kwenye mbao isiyokingwa, 24 kama kuna kinga isiyoshika moto. Mteja akitaka kabati lishuke zaidi kwa sababu ni mfupi, tutatafuta dawa nyingine ya ufupi.

Bafuni, vyuma vya kushikilia hufungwa inchi 33 hadi 36 kutoka sakafuni na vinatakiwa kuhimili pauni 250. Jipsamu peke yake haiwezi. Mimi huagiza mbao za kuimarisha ukuta kabla jipsamu haijapigwa, hata kama mwenye nyumba ana miaka 30 na anacheka. Kwa wateja Waislamu huongeza mambo mawili yanayobadilisha mchoro: bomba dogo la mkono kando ya choo, ambalo fundi bomba lazima alipangie mapema na kulikinga maji yasirudi kwenye mfumo, na mahali pa kunawa miguu kwa udhu, penye vigae visivyoteleza.

Juzuu la uchoraji watu hulidharau, nami ndilo ninalolifungua mara nyingi zaidi. Linataka mchoro uwe wa nusu inchi kwa futi moja, na vipimo viandikwe kwa inchi tupu, si futi na inchi pamoja. Aliyezoea futi ataona ni ukaidi. Lakini fundi anayesoma 124 hawezi kuifanya kuwa kitu kingine, wakati 10 na 4 zikikaa karibu karibu kwenye karatasi yenye vumbi zinaweza kuwa 104.

Kwa msomaji aliye Dar es Salaam au Mombasa: sehemu ya sheria iruke, maana ni ya Marekani, kwa hilo muulize mkaguzi wa halmashauri yako. Na makabati ya kiwandani yanayokufikia mara nyingi yamekatwa kwa kipimo cha Ulaya cha sentimita 60, kwa hiyo usihamishe inchi za kabati moja kwa moja.