Fungu la kumi la Mantiklos: shaba za nadhiri katika Ugiriki ya kale

Katika Makumbusho ya Sanaa ya Boston, Marekani, kuna kisanamu cha bronzi cha mwanamume chenye urefu wa kama sentimita 20. Shingo ni ndefu, uso wa pembetatu, kiuno cha nyigu. Mkono wa kulia haupo, miguu imekatika chini ya magoti, na mahali pa macho pamebaki matundu, maana vilivyopachikwa humo vilishadondoka. Kilitengenezwa kati ya mwaka 700 na 675 KK hivi, na inasemekana kilitoka Thebes, mji wa Ugiriki. Mapajani kimechongwa maandishi, na anayesema ni kisanamu chenyewe: Mantiklos amenitoa kwa mlenga mbali mwenye upinde wa fedha, kutoka katika fungu lake la kumi, nawe Phoibos, mpe cha kupendeza badala yake.

Phoibos ni jina jingine la mungu Apollo. Wapo wanaoliona ombi hilo kuwa la utovu wa adabu, kama mtu kudai chenji ya sadaka. Mimi naona Mantiklos alisema waziwazi tu walichokuwa nacho moyoni wengi waliopanda kwenye mahekalu. Nadhiri ilikuwa na pande mbili: kuomba ukiahidi, au kushukuru ukitazamia tena.

Asiye na uwezo alipeleka kisanamu cha udongo. Bronzi ilikuwa ya gharama: ni shaba iliyochanganywa na bati, mara nyingi sehemu tisa kwa moja (bati madini, si mabati ya kuezekea), na bati lilitoka mbali. Fundi alifinyanga umbo kwa nta, akalifunika kwa udongo, akauchoma. Nta ikayeyuka na kutoka, yeye akamimina bronzi katika nafasi iliyobaki. Ikipoa, udongo unavunjwa, kwa hiyo kalibu hiyo haitumiki tena. Huko Olympia, kwenye hekalu la Zeus, wachimbaji wamepata farasi na fahali wadogo kwa maelfu, na pia mabaki ya kazi ya uyeyushaji. Mafundi walikuwa wakifanya kazi papo hapo.

Kwa mapambo, hakuna kilichozidi masufuria makubwa ya bronzi. Mabegani mwake yalizungushiwa vichwa vya grifoni, mnyama wa kubuni mwenye kichwa cha tai na mwili wa simba: mdomo wazi, ulimi umepinda, masikio yamesimama. Mwanahistoria Herodotos anasimulia kuhusu mabaharia wa kisiwa cha Samos waliosukumwa na upepo hadi Tartessos, upande wa Hispania, wakarudi na faida kubwa ajabu. Walitenga fungu la kumi, talanta 6 (talanta ni kipimo cha kale cha uzito na fedha), wakafanyiza chombo cha bronzi chenye vichwa vya grifoni pande zote na kukiweka katika hekalu la Hera. Kilibebwa na watu watatu wa bronzi waliopiga magoti, kila mmoja dhiraa 7!

Nyara za vita nazo zilitolewa nadhiri. Kofia moja ya chuma ya Waetruski, watu wa Italia ya kale, ambayo kwa kweli ni ya bronzi ila mazoea ya lugha yana nguvu, ina maandishi kwamba Hieron, mtawala wa mji wa Syracuse huko Sicilia, na watu wa Syracuse wameitoa kwa Zeus kutoka Cumae, mahali walipowashinda Waetruski. Vita hivyo vilipiganwa mwaka 474 KK. Leo ipo katika Makumbusho ya Uingereza, London.

Kilichokwisha kutolewa kilikuwa mali ya mungu, hakirudi sokoni. Mahekalu yalipojaa, makuhani hawakuuza wala kuvitupa nje. Vilifukiwa ndani ya uwanja mtakatifu, na Olympia hata visima vilivyoacha kutumika vilipokea silaha. Sanamu kubwa zilizobaki zimesimama juu ya ardhi, nyingi ziliyeyushwa karne za baadaye kwa ajili ya bronzi yake. Farasi wadogo wa mashimoni ndio tulio nao.