Lowlihead sio kuinamisha kichwa: neno la kale la unyenyekevu linaloeleweka ndivyo sivyo

Neno la Kiingereza "lowlihead" maana yake ni unyenyekevu, basi, hakuna siri. Ila kwa kuwa ni la kizamani na limeachwa kutumika, watu wanalipa maana za kubuni, na wengine wanaenda kuwafundisha wenzao, hapo ndo inaponiuma.

Dhana kubwa kuliko zote ni kwamba hiyo "head" ya mwisho ni kichwa, kwa hiyo lowlihead ni mtu aliyeinamisha kichwa mbele ya mkubwa wake. Inavutia, manake hata kwetu mnyenyekevu anainama, lakini sio kweli. Hiyo head ni kiambishi tu, zamani kiliandikwa -hede, na kazi yake ni kuchukua sifa na kuifanya iwe jina la hali, sawasawa na u- yetu inayotutoa kwenye "nyenyekevu" kutupeleka kwenye "unyenyekevu". Ndugu zake ni -hood iliyoko kwenye childhood (utoto), -heit ya Kijerumani na -heid ya Kiholanzi, na hiyo -heid unaijua hata kama Kiholanzi hujawahi kukisikia, kwa sababu ndiyo iliyoko mwishoni mwa apartheid, neno la Kiafrikaans, yaani hali ya kutengana. Kuna kichwa hapo? Hakuna.

Na msidhani ni jambo dogo, manake kosa hilohilo linampata mtu kwenye neno Godhead, lililoko kwenye King James, ile tafsiri ya Biblia ya Kiingereza ya 1611, Wakolosai 2:9. Ukilisoma kama "kichwa cha Mungu" umeshapotosha somo zima, maana yake ni Uungu.

Kuna wanaosema pia kwamba lowlihead ni neno la Biblia. Hapana. King James inatumia lowliness, fungua Waefeso 4:2 utaikuta imekaa pamoja na meekness (upole), halafu Wafilipi 2:3 kuna lowliness of mind. Lowlihead humo haimo.

Sasa wengine wakiona lowly iliyoko mwanzoni mwa lowlihead wanasema aah, hilo ni neno la unyonge, la mtu duni asiye na cheo. Hapa nawaelewa kidogo, kwa sababu Kiingereza cha leo kweli kinatumia lowly zaidi kwa mtu wa ngazi ya chini kazini au kwenye jamii, ila zamani lilibeba pia sifa njema ya moyo, na ushahidi ni Mathayo 11:29 ambapo Yesu mwenyewe anajiita meek and lowly in heart, na Biblia yetu ya Kiswahili ikaandika "mpole na mnyenyekevu wa moyo". Kwa hiyo lowlihead ni sifa, ni pongezi, sio kumshusha mtu.

Tena sio kila neno la kale lilikufa zamani sana. Lowlihead lilikuwepo tangu Kiingereza cha kati, yaani Kiingereza cha zama za Chaucer, lakini Tennyson, mshairi wa Kiingereza, alilitumia mwaka 1830 kwenye shairi lake "Isabel" akimsifu mwanamke aliyeolewa, na kwenye mstari mmoja kaweka wifehood (hali ya kuwa mke) na lowlihead, yaani -hood na -head ziko pamoja zinafanya kazi ileile moja! Wakati ule neno lilikuwa limeshazeeka, na uzee huo ndio unaoupa mstari ladha yake. Chaucer yeye, mshairi wa Kiingereza wa karne ya 14, kwa unyenyekevu alitumia humblesse, iliyotoka Kifaransa, nayo imeachwa vilevile.

Kwenye matumizi, ni jina la hali kwahiyo usiliwekee wingi, huwezi kusema lowliheads. Na tafadhali usiliweke kwenye barua ya kuomba kazi ukidhani Kiingereza chako kitaonekana kikubwa, wengi wanaolisoma leo hawalijui kabisa, andika humility tu. Lowlihead liache kwenye shairi, au unapomuandika mhusika wa zama zile, huko linakaa vizuri mno.