Kuvunja kifungo cha ATP hakutoi nishati

Katika kusahihisha karatasi za wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa biokemia, nimekutana kwa mara nyingine na sentensi ile ile: ATP (molekuli ambayo seli huitumia kuendeshea kazi zake) huhifadhi nishati ndani ya kifungo cha fosfati, na kifungo hicho kinapovunjwa nishati hutoka. Safari hii nimeikuta hata kwa wanafunzi hodari, na siwezi kuwalaumu, kwa kuwa ndivyo walivyofundishwa sekondari na wakapewa alama zote. Hata hivyo ni kosa, na nimechoka kuliona.

Hakuna kifungo cha kikemikali kinachotoa nishati kwa kuvunjwa. Atomu mbili hushikana kwa sababu zikiwa pamoja zina nishati ndogo kuliko zikiwa mbalimbali. Kuzitenganisha ni gharama, na gharama hiyo hurudi pale tu vifungo vipya vinapoundwa. Wanaosema kwamba nishati ya ugali imelala ndani ya vifungo vya wanga husahau oksijeni. Kukivunja kifungo cha molekuli ya oksijeni hugharimu takriban kilojuli 498 kwa moli, gharama ndogo kwa kifungo maradufu, ilhali gharama ya kila kifungo ndani ya kabonidioksaidi inakaribia kilojuli 800. Elektroni zinapotoka kwenye glukosi (sukari itokanayo na wanga) na kuishia kwenye oksijeni, seli hunufaika kwa sababu vifungo dhaifu vimeacha nafasi kwa vilivyo imara. Glaikolisisi na mzunguko wa Krebs, yaani hatua za kuivunja glukosi, sitavieleza hapa, kwa maana kila kitabu kimevieleza vya kutosha.

Mwaka 1941 mwanabiokemia Fritz Lipmann alikichora kifungo cha fosfati kwa alama ya wimbi, akakiita kifungo chenye nishati nyingi. Alama hiyo ilihusu nishati huru (ile inayoweza kufanya kazi) ya mmenyuko mzima wa haidrolisisi, ambapo maji huikata ATP, yaani tofauti kati ya ATP na maji kwa upande mmoja, na ADP (ATP iliyopungukiwa fosfati moja) na fosfati kwa upande wa pili. Waliofuata wakaishika alama na kuuacha mmenyuko.

Tofauti hiyo ni kilojuli 30.5 kwa moli katika hali sanifu (viwango vya kemikali vilivyokubaliwa kwa kulinganisha), lakini ndani ya seli hai hukaribia 50. Hapa ndipo ninapomwomba msomaji asipite haraka. Ikiwa nishati imo ndani ya kifungo, na kifungo ni kile kile, kwa nini kiasi kibadilike? Hubadilika kwa sababu seli huweka ATP kwa wingi na ADP kwa uchache, mbali na msawazo (hali ambapo mmenyuko hauelekei upande wowote) kwa zaidi ya mara milioni mia moja. Maji yaliyo katika tangi la juu ya paa hayana molekuli tofauti na yaliyo katika ndoo sakafuni. Yanaweza kufanya kazi kwa kuwa pampu iliyapandisha. Pampu ya seli ni ATP sinthasi, kimeng'enya kinachozungushwa na protoni zinazorudi kupitia utando wa ndani wa mitokondria, kwa namna ambayo msingi wake ulipendekezwa na mwanabiokemia Peter Mitchell mwaka 1961. ATP ikifika kwenye msawazo na ADP, vifungo vyake vyote vikiwa kamili, haiwezi kusukuma chochote.

Msuli unathibitisha jambo hili vizuri zaidi. Mayosini, protini inayovuta, huiachia aktini, protini inayovutwa, pale ATP inapojishika na mayosini, kabla kifungo chochote hakijakatika, na ndiyo sababu nyama ya ng'ombe aliyechinjwa hukakamaa ATP inapokwisha. Haidrolisisi huja baadaye, na mvuto wenyewe huandamana na kutoka kwa fosfati. Ipi hutangulia, fosfati kutoka au mvuto kuanza, wataalamu bado wanabishana, ingawa vitabu vingi huchora mpangilio mmoja kana kwamba shauri limekwisha.

Ubishi wa namna hiyo upo pia katika idadi ya ATP kwa kila glukosi. Nambari 38 tuliyokariri ilitokana na kudhani kwamba kila NADH (molekuli inayobeba elektroni za glukosi) huleta ATP tatu kamili. Siku hizi tunasema 30 au 32, lakini hata hizo mimi husita kuziandika ubaoni bila maelezo. Gurudumu la ATP sinthasi lina vipande 8 katika mitokondria za ng'ombe na 10 katika zile za hamira, kila mzunguko mmoja hutoa ATP tatu, na kila kipande kinahitaji protoni moja. Kwa hiyo mgawanyo hautoi nambari kamili. Zaidi ya hayo, utando huvujisha protoni, na kiasi kinachovuja hutofautiana kati ya tishu na tishu. Mwanafunzi akiandika "takriban 30" na kueleza kwa nini jibu haliwezi kuwa nambari moja isiyobadilika, ninampa alama zote. Akiandika 38 peke yake, nitamwita ofisini tuzihesabu protoni pamoja.