Je, wajua kwa nini faili la ramani halisafiri peke yake?

Kijana mmoja anayejitolea kuchora ramani za mitaa inayofurika hapa Dar es Salaam alinitumia kwa WhatsApp faili moja, kata.shp, na ujumbe: "Kaka, nimejaribu kulisoma kwa Python, linakataa. Shida nini?" Python ni lugha ya kuandikia programu za kompyuta. Ndani mlikuwa na mipaka ya kata za bonde la Mto Msimbazi, na lenyewe lilikuwa zima kabisa. Lililokuwa limemponza kijana ni kuliacha faili hilo lije bila mafaili wenzake.

Faili la .shp ni sehemu moja tu ya kitu kiitwacho shepufaili, mfumo ulioanzishwa na kampuni ya Esri ya Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1990. Maelezo yake ya kiufundi yalitolewa hadharani mwaka 1998, hivyo yeyote anaweza kuandika programu ya kuusoma, na mpaka leo ukiomba data za mipaka ofisini una uwezekano mkubwa wa kupewa hiyo. Inataka mafaili matatu kwa lazima, .shp, .shx na .dbf, yote yakiwa na jina moja na yamekaa folda moja. La nne, .prj, si la lazima. Nitalirudia, maana kwangu ndilo linaloumiza watu zaidi.

Ramani ya namna hii si picha. Ni orodha ya namba: nukta hii, kisha ile, kisha ile, mpaka mpaka wa kata urudi ulipoanzia. Programu inapofungua .shp hukutana kwanza na baiti 100 (baiti ni kipande kidogo cha data) za utangulizi. Namba ya mwanzo kabisa ni 9994, ambayo ni kama muhuri: isipokuwepo, hiyo si shepufaili. Mbele kidogo ipo namba inayotaja aina ya maumbo: 1 ni nukta, 3 ni mistari, 5 ni poligoni, yaani maumbo yaliyofungwa kama mpaka wa kata. Kisha zinafuata namba nne za kingo za eneo zima.

Hapo pana jambo la ajabu. Muhuri ule umeandikwa kwa kuanza na baiti kubwa, kama tunavyosema "elfu tisa" kabla ya kufika kwenye "nne". Aina ya umbo na viwianishi vyenyewe, yaani namba za mahali pa kila nukta, vimeandikwa kinyume, baiti ndogo ikitangulia. Faili moja, mielekeo miwili. Ukiusoma muhuri kwa mwelekeo usio wake, 9994 inageuka 170,328,064. Ndiyo sababu simshauri mtu aandike kisomaji chake mwanzo mpaka mwisho, isipokuwa kwa kujifunza. Maktaba ya GDAL, programu tayari ya kusoma mafaili ya ramani, imeshabeba mzigo huo, na GeoPandas, zana ya ramani ya Python, huitumia, kwa hiyo kwenye Python unaandika mstari mmoja tu:

kata = geopandas.read_file("kata.shp")

Baada ya utangulizi, kila umbo lina urefu wake. Kata yenye mpaka ulionyooka inaweza kuwa na nukta 40, na ile inayofuata mikunjo ya mto ikawa na 2,000, kila nukta ikila baiti 16. Umbo moja pia linaweza kuwa na vipande vingi: poligoni ya Kinondoni ikichorwa pamoja na visiwa vya Bongoyo na Mbudya bado ni umbo moja. Sasa programu itajuaje umbo la 57 linaanzia wapi bila kupitia yote 56 ya mbele yake? Hiyo ndiyo kazi ya .shx: kwa kila umbo inaweka baiti nane tu, zinazosema linaanzia wapi na lina urefu gani. Faili hilo ndilo GDAL ilikuwa ikililia kwa yule kijana. Bahati nzuri .shx likipotea linaweza kutengenezwa upya kutokana na .shp. Majina ya kata hayatengenezeki.

Majina yamo ndani ya .dbf, jedwali la mtindo wa dBASE, programu ya miaka ya 1980. Urithi huo una bei yake: jina la safuwima lisizidi herufi 10. Kwa Kiswahili chetu ni balaa. "idadi_ya_watu" na "idadi_ya_wanawake" zote zikikatwa zinabaki "idadi_ya_w", na programu inalazimika kuibandika mojawapo namba ili zisigongane. Andika "watu" na "wanawake", utapumua.

Kubwa zaidi ni kwamba umbo na jina lake haviunganishwi na kitu chochote ila mpangilio. Umbo la kwanza ni la mstari wa kwanza, la pili ni la mstari wa pili. Mtu akifungua .dbf peke yake kwenye programu ya majedwali, akapanga majina kwa alfabeti, akahifadhi, basi Tandale imeshapewa mpaka wa Manzese na hakuna onyo lolote litakalotokea. Ramani itafunguka vizuri, yenye rangi safi, na uongo mtupu. Ramani ya mafuriko ya namna hiyo inapeleka msaada kwenye nyumba zilizo kavu. Tafadhali, usiguse .dbf nje ya programu ya ramani.

Tuje kwenye .prj. Ni maandishi mafupi yanayosema namba zilizo ndani ya .shp zimepimwa kwa kipimo gani. Katikati ya Dar es Salaam panaweza kuandikwa 39.28 na -6.8, yaani digrii, longitudo ikitangulia. Ukizipindua hizo mbili unatua Hispania, karibu na mpaka wa Ureno. Au panaweza kuandikwa takriban 531,000 na 9,248,000, yaani mita za UTM, mfumo unaoigawa dunia katika kanda, hapa kanda ya 37 Kusini. Tofauti hiyo ina maana pale unapotaka eneo: kata ya kilomita za mraba 2.4 ikipimwa kwa digrii inakupa 0.0002, namba isiyomsaidia mtu. Igeuze kwanza iwe mita (32737 ni namba ya utambulisho ya UTM kanda ya 37 Kusini):

kata = kata.to_crs(32737)

Lakini amri hiyo inafanya kazi pale tu kipimo cha mwanzo kinapojulikana. .prj likikosekana, andika kata.total_bounds uone kingo: 39 na -6 ni digrii, malaki na mamilioni ni mita. Bado hujamaliza. Ramani nyingi za zamani za Tanzania zimepimwa kwa Arc 1960, msingi wa zamani wa upimaji, na GPS ya simu yako inatumia msingi mwingine, WGS 84. Namba za mifumo hiyo miwili zinafanana sura, ila mahali zinapoangukia hupishana kwa mita 300 hivi, umbali wa kutosha kuitoa nyumba bondeni na kuiweka mlimani.

Kijana alinitumia folda nzima ikiwa zipu, mafaili matatu, .prj haimo. Tukaweka mipaka juu ya picha ya setilaiti, tukatazama pale mpaka unapofuata Msimbazi karibu na Jangwani. Mstari ulikuwa na mikunjo ileile ya mto, umesogea kaskazini. Tukatangaza Arc 1960 kwa set_crs(21037), namba ya kanda hiyohiyo kwa Arc 1960, tukageuza kwenda 32737, ambayo ni ya WGS 84, mstari ukalala ndani ya maji.