Sweta jepesi na baridi ya Mbeya

Pale soko la Mwanjelwa, Mbeya, kwenye mafungu ya mitumba, utamwona mama akipima sweta kwa mkono. Likiwa zito analichukua. La flisi, lile laini lenye manyoya mafupi, analirudisha: "Hili jepesi, mwanangu, baridi ya Juni litaiweza?" Imani hiyo ni ya siku nyingi Mbeya, Makete na Njombe, na inawanyima watu vazi zuri.

Nguo haizalishi joto. Joto ni la mwili wako; nguo inalizuia tu lisitoroke, na kinacholizuia hasa ni hewa iliyotulia ndani ya kitambaa. Tenganisha manyoya ya flisi kwa vidole uone: nyuzi nyembamba za poliesta zimechambuliwa zikasimama, na katikati yake ni nafasi tupu. Nafasi hizo ndizo zinazokupa joto. Tena poliesta hainywi maji kama pamba. Ukinyeshewa na manyunyu ya milima ya Uporoto, sweta la pamba linakaa na maji mgongoni. La flisi ukilikung'uta, linakauka upesi.

Upepo, kweli, hulipenya. Ukipanda bodaboda alfajiri, vaa jaketi la kuzuia upepo juu yake. Na usilisogeze karibu na jiko la mkaa, cheche moja inaliyeyusha tundu.

Kwa mwonekano, mimi nalipenda juu ya shati la kazini au na kitenge, mradi likukae vizuri mabegani. Lililoota vidonge vya nyuzi kifuani liache funguni: manyoya yakishalala, hewa haina pa kukaa.