Elektroni hazizunguki kama sayari

Mwambie mwanafunzi yeyote hapa Lamu akuchoree atomu: ataweka mpira katikati na elektroni zikizunguka kwenye njia zake, kama sayari na jua. Mchoro umezoeleka, ila wanafizikia waliuacha karibu miaka 100 iliyopita.

J. J. Thomson, aliyegundua elektroni mwaka 1897, alidhani zimetapakaa ndani ya tufe lenye chaji chanya. Hilo halikudumu. Mwaka 1909, katika maabara ya Ernest Rutherford mjini Manchester, wasaidizi wake Hans Geiger na Ernest Marsden walirusha chembe za alfa (chembe ndogo zenye chaji chanya) kwenye karatasi nyembamba ya dhahabu. Nyingi zilipita; chache mno zikarudi nyuma. Mwaka 1911 Rutherford akahitimisha kuwa chaji chanya na karibu uzito wote vimejikusanya kwenye kiini kidogo ajabu. Kidogo kiasi gani? Kiini cha dhahabu kingekuwa tende iliyowekwa Mkunguni, mbele ya ngome, ukingo wa atomu ungekuwa mamia ya mita kutoka hapo, kule majahazi yanakopita.

Tatizo ni kwamba elektroni inayozunguka kiini hicho kama sayari ingepoteza nishati kwa mnururisho, yaani kwa kutoa mwanga, na kuporomokea kiini papo hapo. Mwaka 1913 Niels Bohr alilikwepa kwa kusema elektroni hukaa kwenye viwango maalumu vya nishati tu. Ulikuwa ujanja mzuri: hesabu za haidrojeni zilikubali, za heliamu zikagoma. Mlingano wa Erwin Schrödinger wa 1926 ukafuta njia zenyewe. Tunachokokotoa ni uwezekano wa kuikuta elektroni mahali fulani. Walimu bado huchora duara kwa kuwa elektroni huhesabika kirahisi ubaoni, na kwa hilo siwalaumu.